Richard Leakey na ile alama ya kuuliza

Jana usiku nimechelewa kulala nikisoma habari za Richard Leakey, yule Mkenya mtafiti wa mabaki ya binadamu wa kale. Kilichonikaa kichwani si fuvu wala mfupa, ni mchoro. Mwaka 1981, jijini New York, kamera za televisheni zikiwa zimewashwa, Donald Johanson, mtafiti mwenzake aliyepata kule Ethiopia mifupa ya kale ya kiumbe wa ukoo wetu aliyeitwa Lucy, alikuja na mchoro wa ukoo wa binadamu. Pembeni alikuwa amemwachia Leakey nafasi achore wa kwake. Leakey akaupiga mchoro wa mwenzake alama kubwa ya X. Alipoulizwa ataweka nini badala yake, akachora alama ya kuuliza.

Wengi husimulia kisa hiki kama habari ya mafahali wawili kwenye zizi moja, na majivuno hayakukosekana. Hata hivyo, naipenda ile alama. Mwaka huohuo BBC ilimwonyesha Leakey kwenye kipindi chake cha The Making of Mankind, akiwaeleza watu wa kawaida walikotoka. Mtu wa namna hiyo hushawishika kuwa na jibu la kila kitu.

Naye alishawahi kushawishika. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, mtu wa kikosi chake, aliona vipande vya fuvu mashariki mwa Ziwa Turkana, lile maarufu kwa namba 1470. Leakey alisema lina umri wa zaidi ya miaka milioni 2.5, akautetea umri huo kwa miaka. Kilichomuumbua ni nguruwe! Mifupa ya nguruwe wa kale kutoka tabaka zilezile ilifanana na ya nguruwe wa bonde la Omo, Ethiopia, ambao umri wao ulikuwa mdogo zaidi. Majivu ya volkano yalipopimwa upya, fuvu likashuka hadi kama miaka milioni 1.9.

Shahada ya chuo kikuu hakuwa nayo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1944, akaacha shule, akaongoza safari za watalii, na mwaka 1968 akakabidhiwa makumbusho ya taifa. Nadhani ndiyo maana aliongea bila kujificha nyuma ya maneno magumu. (Figo aliyopewa na mdogo wake, miguu aliyoipoteza baada ya ajali ya ndege ya 1993, vita vyake na majangili wa ndovu: hayo yanataka siku yake.)

Ila kuna jina linalonisumbua: Kamoya Kimeu, naye wa kikosi cha Leakey. Mwaka 1984, kandokando ya mto Nariokotome, ndiye aliyekiona kipande kidogo cha paji la uso, cheusi karibu sawa na kokoto zilizokizunguka. Kutoka hapo wakafukua sehemu kubwa ya mifupa ya Mvulana wa Turkana, mtoto wa binadamu wa kale wa miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Wanasayansi walimheshimu Kamoya, hata Ikulu ya Marekani alialikwa kupewa nishani. Lakini mtaani ukiuliza nani alimpata mvulana yule, utajibiwa Leakey. Wote wawili walifariki mwaka 2022, na kuhusu Kamoya kwa Kiswahili nimeambulia aya chache tu.