Usiku Tuliotibu Pombe kwa Pombe

Wiki ya kwanza ya Mei mwaka 2014 ilinikuta nikiwa mwanagenzi katika kitengo cha dharura cha hospitali moja ya serikali, upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Nilikuwa nikijifunza kazi ya afisa wa kliniki chini ya mama mmoja mwenye uzoefu mrefu, ambaye wagonjwa na wafanyakazi wote walimwita Daktari, ijapokuwa cheo chake kilikuwa kile kile nilichokuwa nikikitafuta mimi. Walevi hatukuwakosa, hasa usiku wa kuamkia Jumatatu, na utaratibu wa kuwapokea ulijulikana hata na bawabu: asiyeweza kusimama alilazwa kwa ubavu ili akitapika asipaliwe, akapimwa sukari, akapapaswa kichwa na shingo kuona kama ameanguka, kisha akawekwa mahali ambapo muuguzi angeweza kumwona akipumua, mpaka pombe imtoke. Wengi waliamka alfajiri wakiuliza viatu vyao viko wapi.

Kipimo cha sukari Daktari hakukiruhusu kirukwe hata siku moja. Pombe hulizuia ini kutengeneza sukari, na mtu aliyekunywa siku nzima bila kula anaweza kuzimia kwa kuishiwa sukari huku kila anayempita akiamini kwamba amelewa tu. Vivyo hivyo kwa damu iliyovuja ndani ya fuvu, au malaria iliyopanda kichwani. Alikuwa na maneno aliyozoea kutuambia kila tulipoonyesha dalili ya kuchoka: harufu ya pombe haimkingi mtu na ugonjwa mwingine.

Jumatatu ya wiki hiyo, jioni, kijana mmoja aliletwa kwa bodaboda akiwa amebanwa katikati ya mwendeshaji na kaka yake ili asidondoke. Kaka mtu alisema kwa aibu kwamba mdogo wake amelewa tangu jana. Muuguzi wa zamu alikwisha kuwaonyesha kitanda cha pembeni Daktari alipouliza swali ambalo mimi, kwa kweli, nilidhani ni la kupoteza wakati: alikunywa saa ngapi?

Jibu lilikuwa la ajabu kidogo. Kijana alikunywa Jumapili jioni pamoja na wenzake wawili, pombe kali ya bei nafuu ya zile zilizoitwa kizazi cha pili, akarudi nyumbani akiimba, akalala. Asubuhi aliamka akakama ng'ombe, akanywa uji, akalalamika kidogo kuhusu kichwa kama mlevi yeyote wa jana. Ilipofika adhuhuri alianza kutapika na kushika tumbo, kisha akamuuliza mama yake kwa nini nyumba imejaa moshi ilhali jiko halijawashwa. Kaka yake alisimulia habari ya moshi kana kwamba ni kichekesho cha ulevi. Daktari hakucheka. Alivuta stuli, akakaa, akaanza kuhesabu pumzi.

Alihesabu pumzi 36 kwa dakika, tena za kina, kama za mtu aliyetoka kukimbia, wakati mlevi wa kawaida aliyezidiwa hupumua polepole na kwa ulegevu. Mboni za macho zilikuwa zimepanuka, na nilipozimulika kwa tochi zilijikunja kwa uvivu. Sukari ilikuwa 5.2, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, kichwa hakikuwa na jeraha, na kinywani mwake harufu ya pombe ilikuwa hafifu mno kwa mtu aliyedaiwa kuwa amelewa kiasi cha kushindwa kusimama. Daktari alikuwa akifanya kazi Nairobi mnamo Novemba 2000, wakati pombe iliyotiwa methanoli, kileo cha viwandani chenye sumu, ilipoua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya Mukuru. Mlevi, alinieleza huku akiandika, huanza vibaya na kumalizia vizuri, lakini huyu alilewa, akaamka mzima, ndipo akaanza kuugua.

Baadaye nilielewa vizuri kwa nini saa zina uzito kuliko harufu. Methanoli yenyewe haina madhara makubwa kuliko ya pombe ya kawaida, ambayo ni ethanoli, na ndiyo maana mnywaji haishuku. Ini ndilo linaloigeuza kuwa fomaldehaidi na kisha asidi ya fomiki, na kazi hiyo huenda polepole, mara nyingi kwa saa 12 hadi 24, na huchelewa zaidi ikiwa ndani ya chupa hiyo hiyo kulikuwa na ethanoli pia. Asidi hiyo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho na kuichachusha damu, na zile pumzi za haraka ni mwili unaojaribu kuitoa tindikali kwa njia ya mapafu.

Askari mmoja wa trafiki, aliyekuwa ameleta majeruhi wa ajali, alishauri kijana apulizishwe Alcoblow, kile kifaa cha polisi cha kupima pombe katika pumzi. Miezi hiyo kifaa hicho kilikuwa kigeni barabarani na kila mtu alikuwa na maoni juu yake. Daktari alimjibu kwa upole kwamba chombo hicho kimetengenezwa ili kumkamata dereva aliyevuka mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi. Hakimwambii tabibu ni kileo gani kimo mwilini wala kimekwisha kugeuka kuwa nini. Kipimo halisi cha methanoli hatukuwa nacho, na sampuli tuliyoituma kwa Mkemia wa Serikali isingerudi na jibu kwa wakati wa kumfaa mgonjwa. Tulichokuwa nacho ni maabara iliyoweza kupima chumvi za damu. Bikaboneti, ile chumvi inayoizimua tindikali ya damu, ilirudi ikiwa 7, ilhali kawaida yake ni kati ya 22 na 28. Kwa Daktari hiyo ilitosha.

Alimtuma mlinzi kwenye duka kubwa la mjini, akimwagiza alete chupa ya vodka ya asilimia 40 ambayo kizibo chake hakijaguswa na yenye stempu ya Mamlaka ya Ushuru, maana kosa la kutisha kuliko yote lingekuwa kumtibu mtu kwa sumu ile ile iliyomleta. Ipo dawa maalumu ya kazi hiyo, fomepizoli, lakini bei yake haikukaribia mfuko wa hospitali kama yetu. Ethanoli hufanya kazi ile ile kwa njia ya ushindani, kwa kuwa kimeng'enya cha ini, yaani protini inayovunja vileo, huipendelea ethanoli na kuiacha methanoli ikisubiri.

Hapo ndipo mama mzazi alipofika, mwanamke aliyeokoka, Biblia kwapani, akakuta mwanawe anaingizwa mpira puani na chupa ya pombe iko mezani.

"Daktari, pombe ndiyo iliyomleta hapa, nanyi mnamwongeza nyingine?"

"Mama, ini lake lina mlango mmoja tu," Daktari alimwambia. "Tukiujaza mlango huo kwa pombe hii, ile sumu itabaki nje mpaka mwili uitoe."

Mama alinyamaza kwa muda, kisha akakubali kwa sharti moja, kwamba aombe kwanza, na chupa iondolewe mbele yake wakati wa sala. Niliificha kabatini. Kwa mwili wa kilo kama 60 tulianza na mililita 150 zilizochanganywa na maji, kisha mililita 25 kila saa, pamoja na sodiamu bikaboneti kwa njia ya mshipa na asidi ya foliki ya kuusaidia mwili kuivunja ile fomiki. Sukari tuliipima mara kwa mara usiku kucha, kwa sababu sasa sisi ndio tuliokuwa tukimlewesha. Hiyo si tiba ya kujaribiwa nyumbani. Bila vipimo na mtu wa kukesha kando ya kitanda, inaweza kuua kwa upesi ule ule wa ugonjwa. Alfajiri aliondoka kwa ambulansi kwenda Nairobi kusafishwa damu kwa mashine, ambayo sisi hatukuwa nayo. Alipona, ila macho yake hayakurudi kama zamani: nilipomwona tena kliniki aliweza kutambua mwanga na mtu anayetembea, lakini si sura.

Usiku ule ule Daktari alikuwa amempigia simu chifu kuhusu wale wenzake wawili wa yule kijana, na kufikia Jumanne redio ilikuwa inatangaza vifo kutoka Embu, Kiambu, Makueni na Kitui, hesabu ambayo ilikuja kupita watu 80. Mwenzake wa kwanza alikutwa amelala nyumbani. Mkewe alikuwa ameacha mlango umerudishwa na watoto wametolewa nje ili baba yao alale vizuri ulevi uishe. Alikuwa amekwisha kukata roho. Wa pili alikutwa sokoni anauza viazi, hana dalili yoyote, akakasirika kwamba anasumbuliwa, na ilibidi wazee wawili wapande pikipiki pamoja naye ili asiruke njiani.

Huyo alikuwa ametangulia kunywa chupa kadhaa za bia kabla ya kujiunga na wenzake, na naamini bia hiyo ndiyo iliyomnunulia muda. Bikaboneti yake ilikuwa 19. Daktari alimlaza, akamwandikia dozi ile ile, ila yeye aliinywa mwenyewe kwa kikombe, kila saa, muuguzi akimsimamia na kutia alama kwenye chati. Hasira ilimtoka kwenye kikombe cha tatu. Siku alipoambiwa kwamba damu yake imetulia na anaweza kwenda nyumbani, alidai kwamba bado anasikia kizunguzungu, na Daktari akamjibu kwamba cha leo kitatibiwa kwa chai.