Kitenzi "ghost" na mzuka usiozuka

Mwanafunzi wangu mmoja wa Kiingereza aliniletea sentensi "He ghosted me", ambayo alikuwa ameitafsiri "Alinizukia kama mzuka". Nilisita kumsahihisha, kwa sababu katika Kiswahili mzuka ni kitu kinachozuka, na hata Kiingereza cha zamani kingemuunga mkono: katika tamthilia ya Shakespeare, Antony and Cleopatra, Pompey anatumia kitenzi hichohicho kueleza jinsi Julius Caesar, akiwa amekwisha kufa, alivyomtokea Brutus huko Philippi. Leo maana imegeuka chini juu, na anayetajwa ni yule anayetoweka.

Katika maana hii, ambayo kamusi ya Merriam-Webster iliiingiza mwaka 2017, mtu hukata mawasiliano na mwenzake ghafla, bila ugomvi, bila kuaga na bila kueleza sababu. Uzito wa neno uko katika kukosekana kwa maelezo. Aliyekwambia waziwazi usimtafute tena, kisha asipokee simu zako, hakukufanyia jambo hili, na kwa maoni yangu amekutendea uungwana. Neno lilianzia kwa wapenzi, lakini halikubaki huko; Desemba 2018 lilionekana katika Beige Book, ripoti ya Benki Kuu ya Marekani, likiwahusu wafanyakazi walioacha kufika kazini bila taarifa na wasipatikane tena.

Aliyetendewa hulitumia zaidi katika wakati uliopita, tena mara nyingi katika kauli ya kutendwa, "I was ghosted", kwa kuwa jambo lenyewe linapotokea hajui kwamba linatokea. Niliwahi kumwandikia rafiki, "Umefika salama?" Siku ya tatu nikaandika, "Simu ina tatizo?" Baada ya wiki mbili, "Kuna mahali nimekukosea?" Miezi kadhaa baadaye niliusoma mfululizo huo kuanzia juu, nikatambua kwamba hata ule ujumbe wa kwanza, nilioutuma bila wasiwasi wowote, ulikuwa tayari hauna mpokeaji. Bado inaniuma.

Kiswahili cha mitaani kina maneno yanayokaribia. "Kumchunia" mtu na "kumkaushia" yanabeba ukimya, lakini unaweza kumkaushia hata mnayelala chumba kimoja, naye akauona uso wako ulivyonuna. "Kuingia mitini" kunabeba kutoweka, ila aghalabu anayeingia mitini anakimbia deni au kesi, na msemo wenyewe haumtaji aliyeachwa. Mimi napendelea "kumpotelea", kwa sababu kauli ya kutendea inaonyesha kwamba upotevu huo umemwangukia mtu fulani. Kinachopungua ni nia tu, kwani hata ufunguo humpotelea mtu. Ndiyo maana katika daftari la mwanafunzi yule niliandika: "Alinipotelea makusudi, bila neno."