Nadaiwa televisheni, na televisheni sina

Wadau, huku Ujerumani nadaiwa euro 55.08 za televisheni. Televisheni sina. Redio sina. Nina kitanda, meza, sufuria mbili na laptopu ambayo betri yake imeshaanza kugoma. Barua yenyewe imekuja kistaarabu kabisa: karatasi nyeupe, jina langu, namba ya kumbukumbu, akaunti ya kulipia, tarehe ya mwisho. Haina hata neno moja la ukali, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu akikutukana angalau una pa kuanzia.

Waliotangulia huku wanaijua. Kwa wasioijua, kila nyumba inachangia redio na televisheni za umma euro 18.36 kwa mwezi, na madai huja ya miezi mitatu kwa mpigo. Kabla ya 2013 walihesabu vifaa ulivyo navyo. Tangu mwaka huo wanahesabu nyumba, uwe na kifaa usiwe nacho. Kwetu king'amuzi kikiisha hela kinakata, mnahamia kwa jirani kuangalia mpira, maisha yanaendelea. Huku hakuna cha kukata kwa sababu hakuna kilichowashwa.

Nilimsimulia mama kwenye simu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Si kodi ya kibanda hiyo, mwanangu?" Nilicheka mpaka mfanyakazi mwenzangu wa jikoni mgahawani, Mvietnamu, akageuka kunitazama. Kwetu ni Mahenge. Kodi ya kibanda Wajerumani walituletea mwaka 1898: una kibanda, unalipa, kilichomo ndani hakiwahusu. Wazee wa kwetu walitoa jibu lao mwaka 1905 na kila mtu anajua lilivyoishia. Mimi jibu langu nimeliweka kwenye bahasha.

Mtauliza wamejuaje kuwa nipo. Nimejitaja mwenyewe. Ukihamia nyumba una wiki mbili za kwenda kujiandikisha ofisi ya manispaa, na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba mkononi. Ni kama kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kuchukua barua, isipokuwa huku huwezi kukwepa: bila karatasi hiyo kibali cha kuishi kinakwama, na benki nyingi hazikusikilizi. Ukishaandikishwa, taarifa zako zinafika zenyewe kwa wakusanyaji wa mchango. Ukijifanya hujaziona barua, deni linahesabiwa kurudi nyuma mpaka siku uliyohamia, na faini inaanzia euro 8. Kuna Mkenya hapa alizitupa barua mwaka mzima akidhani ni matangazo. Yaliyompata sitaki hata kuyasimulia.

Na barua zinafika, msijidanganye. Huku posta haina habari na namba ya chumba, inatazama jina kwenye sanduku la mlangoni. Jina lako halipo, barua inarudi ilikotoka, na siku zinaendelea kuhesabiwa. Kwenye pasi yangu jina la mwisho ni la babu, kwa hiyo jengo zima hapa Göttingen, mji ninaosoma, linamfahamu babu. Mzee aliyezikwa bila hata kulivuka daraja la Kilombero sasa anaandikiwa "Mheshimiwa Bwana" na ofisi za Ujerumani karibu kila wiki: bima ya afya, chuo, kibali, benki, na sasa televisheni.

Ngoja niwaeleze panapouma hasa. Mimi naishi chumba cha peke yangu hosteli, mlango unafungukia korido ya wote. Hicho kinahesabiwa nyumba kamili. Rafiki yangu anakaa na wenzake wawili kwenye nyumba ya kushirikiana, wanalipa mchango mmoja wakigawana, euro 6.12 kila kichwa. Chumba chake kikubwa kuliko changu, na kina kibaraza. Halafu kuna Mjerumani tunayesoma naye misitu, yeye halipi kabisa, kwa sababu anapata BAföG. Hiyo ni ndugu ya Bodi yetu ya Mikopo, ila yenye roho nzuri zaidi: nusu unapewa bure, nusu unarudisha bila riba. Mwenye BAföG anayeishi mbali na wazazi anasamehewa mchango. Mgeni kama mimi hiyo BAföG kwa kawaida hapati, na kwa kuwa haipati, hana karatasi ya kuthibitisha kuwa hana hela. Someni tena sentensi hiyo taratibu.

Nilipiga simu. Nilijiandaa, Kijerumani changu nikakipiga pasi, nikaanza kwa salamu kama nilivyolelewa. Mama aliyepokea alikuwa mpole kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ananielewa, kisha akasema, "Tuandikie." Nikamwambia naomba basi mliangalie suala langu kibinadamu. "Ndiyo, tuandikie." Hapo ndipo nilipokumbuka nyumbani. Kwetu hakuna jambo lisilo na "tuyaongee". Unakaa kwenye benchi, unaulizwa habari za watoto, unaeleza shida yako toka mwanzo, na mwenye ofisi akiwa na utu atakusogezea tarehe. Huku tarehe haina masikio. Mtu aliye mbele yako anaweza kukuonea huruma ya kweli na asiweze kukufanyia lolote.

Lakini nisiwe mchoyo wa fadhila, maana karatasi hizo hizo zimewahi kuniokoa.

Kabla ya hosteli nilipanga kwa mwenye nyumba mmoja upande wa Weende. Nikaweka dhamana ya kodi ya miezi miwili. Sheria inamruhusu kuchukua mpaka mitatu, ikihesabiwa kodi tupu bila joto na maji. Nilipohama akasema nimekwaruza ukuta, dhamana harudishi. Mzungu, mtu mzima, nyumba yake, lugha yake. Nilijua imeliwa. Mhabeshi mmoja akanipeleka kwenye ofisi ya serikali ya wanafunzi chuoni, wana ushauri wa sheria bila malipo. Mwanasheria akauliza swali moja tu: siku ya kuingia mliandikishana hali ya chumba? Tuliandikishana, na picha ninazo, mkwaruzo ukiwemo. Akaniandalia barua fupi yenye tarehe ya mwisho. Nikaituma kwa rejista. Hela iliingia kabla ya siku hiyo kufika, yote isipokuwa kidogo alichoshikilia kusubiri hesabu ya joto ya mwaka, na hicho ni haki yake.

Hakuna aliyenijua. Sikuwa na mjomba ofisini. Katika muda wote niliokaa hapa hakuna mtu aliyeniomba hela ya soda, wala aliyeniambia faili limepotea huku akitazama mfuko wangu. Mgeni mweusi mwenye Kijerumani cha kuokoteza alimshinda mwenye nyumba kwa karatasi moja. Nielezeni ni wapi Kinondoni ningeyapata hayo, na kodi ya miezi sita nimeshalipa mbele.

Hiyo hesabu ya joto nayo ni darasa lake. LUKU imetulea vizuri sana: umeweka, umetumia, umeisha, giza. Huku unalipa makadirio kila mwezi, unaoga maji moto kama sultani, halafu baada ya mwaka mnakaa kwenye hesabu. Kuna waliorudishiwa. Wengi niwajuao waliongeza. Zima hita ukitoka, usiifungulie mpaka mwisho na dirisha likiwa wazi.

Sasa ukiwaambia nyumbani kuwa euro 55 zimekuyumbisha, hawakuelewi. Shemeji yangu ananiita Bosi. Anajua kuwa kima cha chini tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa, akizidisha kwa shilingi anaona nyumba ya ghorofa. Hazidishi kodi ya chumba. Hazidishi bima ya afya, ambayo kwa mwanafunzi inazidi euro 140 kwa mwezi. Wala hajui kuwa mwanafunzi wa nje anaruhusiwa siku 140 kamili za kazi kwa mwaka, basi. Mimi naosha vyombo mgahawani mwisho wa wiki, na Jumatatu nasoma uvunaji endelevu wa miti ya mvule na mgongo umekakamaa. Juzi stesheni nimeona mzee wa Kijerumani, koti safi, anaokota chupa za plastiki, nyingi zina amana ya senti 25 ukizirudisha dukani. Watu huziacha pembeni mwa pipa ili wazee kama yeye wasiingize mkono ndani. Nilimtumia shemeji maelezo hayo. Akajibu kwa emoji ya kucheka, na namba ya kutumia hela.

Wanaotaka kuja, na najua mpo. Vyuo vya umma majimbo mengi havitozi ada ya masomo, hilo ni kweli, lakini Baden-Württemberg wanatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, kwa hiyo angalia jimbo kabla ya kufurahia jina la chuo. Akaunti maalumu ya viza inataka euro 11,904, unaruhusiwa kutoa 992 kila mwezi, na hizo si za kuchezea kwa sababu ndizo maisha yako. Kama unakaribia miaka 30, harakisha, kwani ukishaivuka bima ile ya bei ya mwanafunzi huipati. Kozi yako inaweza kuwa ya Kiingereza kuanzia asubuhi mpaka jioni. Barua zitakuja kwa Kijerumani. Anza kukisoma ukiwa Dar, ambako ukikosea watu wanacheka tu. Huku ukikosea unakatwa.

Barua yangu ya kuomba msamaha wa mchango imejibiwa jana. Wamekataa, kurasa mbili, kila kifungu cha sheria kimetajwa, na mwishoni wameeleza nina mwezi mmoja wa kupinga na anwani ya kupeleka pingamizi hilo. Wananikatalia na kunielekeza namna ya kuwabishia! Nimelipa, maana faini sitaki. Pingamizi naandika vilevile, Jumamosi nikitoka kazini, na nitalituma kwa rejista.

Mdogo wangu yupo mwaka wa mwisho SUA, aliposoma haya yote akaniuliza, "Sasa kaka, nije au nisije?" Nimemtumia orodha ya vyeti vya kuthibitishwa. Nimemwambia aanze na kile cha kuzaliwa.