Jinsi nilivyomaliza ukarabati wa nyumba Tabora kabla ya mvua

Nyumba ya mama pale Isevya ilikuwa inarekebishwa tangu mwaka juzi na haiishi, leo fundi yupo kesho kaitwa saiti nyingine, simenti inakaa stoo mpaka inaganda. Mwaka huu nikapanga kwa kuanzia mwisho kurudi nyuma. Huku mvua zinaanza kwenye mwezi wa 11, kwahiyo bati lazima ziwe juu mapema, kazi ikaanza mwezi wa 6 kiangazi kimekolea.

Kilichosaidia kuliko vyote ni mpangilio wa mafundi. Paa kwanza, alafu fundi umeme akate kuta apitishe mabomba yake, fundi bomba naye hivyo hivyo, ndo plasta ifuate, maana ukitanguliza plasta utakuja kuichimba tena na hela ishaenda. Na plasta jamani msiiharakishe, imwagieni maji kama siku 7 hivi, rangi isubiri ukuta ukauke kabisa, karibu mwezi. Huo muda wa kusubiri ndo nikaupa kwa seremala, milango na madirisha, kwahiyo hakuna siku iliyolala bure.

Fundi simwiti mpaka vifaa vipo saiti. Malipo kwa hatua, mama anakagua kwanza ndo natoa hela. Kati ya hatua na hatua niliacha siku kadhaa wazi, na zilifaa kwelikweli, fundi paa alipata msiba akaenda Urambo na ratiba haikuvurugika.