Utafiti wa muuguzi anayepangiwa zamu

Muuguzi wa zamu akiuliza "sababu za vifo vya watoto wachanga", hamalizi. Akiuliza ni patografu ngapi (chati za kufuatilia uchungu wa kujifungua) za Januari hadi Juni zenye mapigo ya moyo wa mtoto kila dakika 30, anamaliza, kwa sababu data zimo tayari kwenye mafaili.

Hesabu kwanza idadi ya mafaili unayohitaji. Ukiwa hujui uwiano unaoutafuta, chukua 50%, kiwango cha uhakika 95%, kosa linalokubalika 5%: mafaili 384. Ukihofia 10% hayatapatikana, gawa kwa 0.9 upate 427. Wengi huzidisha kwa 1.1, wanapata 422, wanapungukiwa. Faili moja likila dakika 10, hayo 427 ni kama saa 71: siku moja ya saa 8 kila wiki, wiki 9. Mwombe muuguzi mfawidhi siku hiyo iandikwe kwenye ratiba, isiwe baada ya zamu ya usiku. Macho yaliyokesha hukosea tarakimu.

Jaribu fomu yako kwa mafaili 20. Baadaye mwenzako apitie upya 10% bila kuona majibu yako. Mkitofautiana sana, kosa mara nyingi liko kwenye fomu.

Mafaili yanayokosekana hayakosekani ovyo. Mengine ni ya akina mama waliopewa rufaa, mengine yamechukuliwa kwa mapitio ya vifo, yaani yale yale unayoyahitaji. Yaorodheshe. Na patografu nzuri mno itilie shaka: kalamu moja, mwandiko haujayumba, mapigo 140 mwanzo hadi mwisho. Hiyo huenda imejazwa mtoto ameshazaliwa. Kwa hiyo andika "imejazwa", usiandike "mama alipimwa".

Kusoma mafaili tu nako kunahitaji kibali cha maadili, kwa Tanzania cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au bodi ya chuo kama MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili), pamoja na ruhusa ya mganga mfawidhi. Kibali hakirudi nyuma. Data ulizokusanya kabla yake zimepotea. Majina usinakili, tumia namba.

Ukitaka kuhoji wagonjwa, hapo ndipo pagumu. Mama unayemhudumia leo hawezi kukukatalia, hata kama hataki. Ridhaa aiombe asiyemhudumia, wala si katikati ya uchungu.

Majina ya waandishi, na nani atatangulia, mkubaliane kabla ya kufungua faili la kwanza.