Siku yangu maabara: kuisaka NfL kwenye damu ya wagonjwa wa MS

Saa 1:30 asubuhi. Hata koti sijavaa, nachungulia friza kwanza. Iko nyuzi 80 chini ya sifuri. Sampuli za jana za wagonjwa wa MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo, ziko salama.

Saa 2:00. Mirija inaingia. Ya seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, naiacha damu igande kwa nusu saa ndipo iende kwenye sentrifuji. Plasma, majimaji ya damu iliyozuiwa isigande, haisubiri, ila majibu yake huwa chini kidogo ya ya seramu. Kwa hiyo mgonjwa aliyeanza na seramu atabaki na seramu. Hapo sina msalie mtume.

Saa 4:00. Mashine ya Simoa inaanza kazi. NfL ni protini ya kiunzi cha nyuzi za neva. MS inapozijeruhi nyuzi hizo, protini huvujia kwenye maji ya uti wa mgongo, na kidogo sana hupenya hadi kwenye damu. Kidogo kiasi gani? Tunahesabu kwa pikogramu, na gramu moja ina pikogramu trilioni. Mashine huinasa kwa vishanga vya sumaku visivyoonekana kwa macho, vilivyopakwa kingamwili, kisha kila kishanga hutumbukia kwenye kishimo chake na kusomwa peke yake.

Saa 7:00 mchana. Majibu. Namba moja inasema pikogramu 16 kwa mililita. Kwa mtu wa miaka 65, sishtuki. Kwa wa miaka 25, hiyo imepanda, maana NfL huongezeka na umri hata kwa mzima. Figo mbovu, kiharusi au pigo la kichwa navyo huipandisha, unene huishusha. Ndiyo maana fomu isiyo na umri nairudisha ilikotoka.

Saa 9:00. Daktari anapiga simu: "NfL imeshuka, ugonjwa umetulia?"

"Ukilinganisha na kipimo cha kabla ya dawa, daktari, dalili ni nzuri. Lakini picha za ubongo za MRI usiziache."

Baada ya shambulio NfL hubaki juu kwa wiki kadhaa, pengine miezi, na haisemi kilichojeruhi neva ni nini. Akauliza na GFAP, protini ya astrosaiti, seli zinazosaidia neva kwenye ubongo, inayohusishwa zaidi na ulemavu unaosonga polepole. Hiyo, kwa maoni yangu, bado ni ya watafiti kuliko ya kliniki.

Saa 11:00 jioni. Kila sampuli hupimwa mara mbili, na kuna moja ambayo majibu yake mawili yamepishana mno. Siitoi. Inarudiwa kesho, na daktari wake najua atanuna.