Alasiri ya Watu Watatu

Zamu yangu leo ilianza saa nane mchana ikaisha saa kumi na mbili. Kwa saa zote nne waliingia watu watatu. Wa kwanza aliuliza kama tuna choo. Wa pili alitafuta kitabu ambacho jina lake hakulikumbuka, mwandishi wake hakumjua, ila jalada lilikuwa la buluu "na kuna mtu anakufa mwanzoni." Tulizunguka naye rafu zote tukakuta vitabu kumi na kimoja vya buluu, na katika vinne kweli mtu anakufa mwanzoni, lakini hapakuwa na chake. Akashukuru, akaenda zake. Wa tatu nitamfikia.

Najitolea katika duka hili la vitabu vikuukuu siku moja kwa wiki, na sasa ni mwezi wa saba. Nikiwaambia watu, hudhani nakaa nyuma ya kaunta nikisoma. Kusoma ndicho kitu nisichokifanya. Kazi yenyewe ni maboksi. Watu huyaacha mlangoni hata kabla hatujafungua, na nimeshajifunza kuyatambua kabla sijatoa kitabu cha kwanza. Boksi la mtu anayehama limepangwa vizuri, vikubwa chini na vidogo juu, nafasi isipotee. Boksi la mtu aliyefariki limejazwa na wengine, kwa haraka: kamusi imelalia riwaya, riwaya imelalia daftari la namba za simu. La leo lilikuwa la aina ya pili. Chini kabisa nilikuta miwani. Nikaiweka kwenye droo ya kaunta, ambamo tayari kulikuwa na mingine minne. Hatujui la kuifanya, na hakuna mwenye moyo wa kuitupa.

Vitabu ndivyo tunavyotupa. Hili sikulitegemea nilipoanza. Mama anayesimamia duka alinipa somo siku ya kwanza: fungua katikati, nusa, pitisha kidole kwenye mgongo, ndipo uangalie jina. Kikinuka unyevunyevu, hakiingii ndani, hata kiwe kizuri namna gani, maana kuvu haina adabu ya kukaa kwenye kitabu kimoja. Mgongo ukilia kama kijiti kikavu, ujue ni cha gundi na gundi imekufa. Msomaji atakayefuata atabaki na kurasa mkononi. Vile vilivyoshonwa kwa uzi, mafungu ya kurasa yakikunjwa pamoja kisha yakashonwa, hufunguka kimya na kulala mezani. Siku hizi navitambua gizani.

Kuhusu harufu, watu huja wakasimama mlangoni wakavuta pumzi na kusema wanapenda harufu ya vitabu vya zamani. Siwakatishi raha kwa kuwaambia wananusa nini. Tangu miaka ya 1840, watu walipogundua namna ya kusaga mti uwe karatasi badala ya kutegemea matambara, karatasi nyingi zimekuja na lignini, ile gundi ya asili inayoushika mti usimame. Lignini ikikutana na hewa na mwanga huvunjika taratibu, na mojawapo ya vinavyotoka humo ni vanilini, ndugu wa harufu ya vanila. Basi utamu ule ni wa kitabu kinachooza. Juu ya hapo, karatasi nyingi za enzi hizo zilitiwa shabu ili wino usisambae, na shabu huacha asidi inayozitafuna polepole mpaka zinakuwa za kahawia na kukatika kama jani kavu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Cha kitabu ki karatasini mwake. Ndiyo maana kitabu cha matambara cha miaka 300 kinaweza kuwa cheupe kuliko riwaya ya babu yangu.

Hadi saa kumi nilikuwa nimemaliza boksi. Kumi na tisa ndani, saba nje. Nikaandika bei.

Bei tunaandika kwa penseli laini, kona ya juu ya ukurasa wa kwanza mtupu, na chini yake mwezi na mwaka kitabu kilipoingia. Hatutumii kalamu ya wino kamwe, wala vibandiko, maana gundi yake hukaa kuliko mwenye duka. Penseli kwa sababu inafutika. Ile tarehe ina kazi yake pia: kitabu kikikaa miezi sita bila kununuliwa, kinatoka. Duka ni dogo, maboksi hayaishi. Mwanzoni niliiona sheria ya kikatili. Baada ya kuona chumba cha nyuma, nikaacha kubisha.

Kisha pakawa kimya, kile kimya kinachokufanya usikie saa ya ukutani. Nikacheza mchezo wangu wa siku kama hizi, ambao nakiri ni wa mtu asiye na marafiki: nachukua kitabu cha kabla ya 2007, cha namba ya utambulisho (ISBN) yenye tarakimu kumi, nafanya hesabu kichwani. Tarakimu ya kwanza mara 10, ya pili mara 9, hivyo hivyo hadi ya mwisho mara 1. Jumla isipogawanyika kwa 11, mtu alikosea mahali. Pale mwisho ukiona herufi X, maana yake ni kumi, kwa kuwa nafasi ni moja tu. Sijawahi kukamata kosa hata moja. Kila siku najiambia leo.

Ni katikati ya hesabu alipoingia wa tatu. Binti, labda wa miaka kumi na mbili, begi mgongoni. Alinisalimia kwa sauti ndogo, akapita moja kwa moja hadi rafu ya mwisho, kwenye ensaiklopidia.

Hapo lazima nieleze. Rafu ya ensaiklopidia ndiyo mahali palipokufa dukani kwetu, na nadhani ndivyo ilivyo katika kila duka la aina hii. Encyclopædia Britannica yenyewe ilitangaza mwaka 2012 kwamba imeacha kuchapisha kwenye karatasi, baada ya miaka 244. Kila mwenye seti nyumbani anataka kuigawa na hakuna anayetaka kuipokea. Yetu inaishi kwa huruma tu: juzuu zake ni nzito, hakuna aliye tayari kuzibeba hadi nje, kwa hiyo sheria ya miezi sita huzipita kama hazipo. Hazinunuliwi wala hazishikwi. Ndiyo maana wiki mbili zilizopita nilishangaa kukuta juzuu ya nane imetangulia ya saba. Nikazipanga upya, nikamlaumu mjitoleaji wa siku nyingine, nikasahau.

Leo nilimwona akiichomoa ya saba, akaingiza mkono nyuma yake hadi kwenye kiwiko, akatoa kitabu chembamba. Akaegemea ukuta akaanza kusoma. Hakugeuza jalada kuangalia mwanzo. Alikwenda moja kwa moja mahali alipoachia.

Nilirudi kwenye hesabu yangu lakini tarakimu hazikukaa tena. Nilijishughulisha na kupangusa kaunta, kisha na kupanga alamisho, kisha na kupangusa kaunta. Nilichoogopa ni kuinua macho tukakutana. Alisoma amesimama kwa saa moja na robo. Mara moja alicheka, akajiziba mdomo. Mara moja alirudi nyuma kurasa mbili tatu, kama mtu aliyepitwa na jambo. Ilipokaribia kumi na mbili kasorobo alichana kipande cha karatasi kwenye daftari lake, akakitia kitabuni, akakirudisha nyuma ya ensaiklopidia, akasema asante akatoka.

Nilijiuliza kama ningempa tu. Bei ya kitabu kama kile ningeilipa mwenyewe bila kuhisi. Lakini mtu aliyejificha kwa uangalifu namna ile, ukimpa kitabu mkononi unamwambia umemwona, na pengine umemwona siku zote. Nikiwa na umri wake ningekipokea kwa adabu, nisingekanyaga tena dukani. Labda nakosea. Labda angefurahi, nami ndiye ninayekuza mambo kwa sababu siku ilikuwa ndefu.

Nilipokwisha kufunga mlango nilikwenda kukitazama. Sitakitaja jina hapa, ni chake. Ni cha zamani, cha kabla ya 1967, kwa hiyo hakina namba yoyote ya utambulisho; kompyuta yetu haikijui, na isingeweza kukijua hata ningejaribu. Kimeshonwa kwa uzi. Kipande cha karatasi kilikuwa ukurasa wa 112, na kitabu kina kurasa 190. Zimebaki 78. Kwa mwendo wake wa leo, zamu mbili, tatu akichelewa.

Nikafungua ukurasa wa mwanzo. Bei kwa mwandiko wa mama, na chini yake tarehe. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Miezi sita yake ilitimia wiki mbili zilizopita, siku zile zile nilipokuwa nikirekebisha mpangilio wa juzuu na kujisifu moyoni. Kama kingekuwa kwenye rafu yake halali, kingeshakwenda na boksi la kutupwa, na pengine kwa mkono wangu.

Nikaenda kaunta nikachukua kifutio. Nilifuta tarehe taratibu, karatasi ile haivumilii kusuguliwa, nikapuliza vumbi, nikaandika mwezi huu. Mwandiko wa mama huegemea kushoto. Wangu niliuegemeza hivyo hivyo.

Kwenye daftari la mauzo nikaandika sifuri na saini yangu. Kitabu nikakirudisha mahali pake nyuma ya juzuu, na ya nane nikaiacha mbele ya ya saba, kama alivyoiacha.